Mama kafungiwa ndani siku ya darasa la kompyuta

Shoga, siamini. Kaka kamfungia mama ndani! Kisa? Juzi mama alisahau sufuria jikoni ikaungua.

Mama kapiga simu ya video kwenye kundi la familia, kama alivyofundishwa darasani. Daktari ndiye aliyemwambia ajifunze, akili isilale. Uso wake umejaa kwenye kioo, nyuma yake nondo za dirisha. "Mlango umefungwa, wanangu. Na leo nina darasa."

Kaka akadakia mbele ya wote: "Msimsikilize, kichwa chake hakipo."

Mama kwa upole kabisa: "Kichwa hichohicho ndicho kilichowapigia."

Mara kaka kamtoa mama kwenye kundi. Kamtoa!

Nimemwambia bosi naumwa. Niko njiani na fundi wa kufuli.