Masika Wawili wa Kidato cha Nne

Bwera, Uganda, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya baridi ya huku milimani hayajaniacha. Wewe hujambo? Na masikio je? Kwa kuwa simu huisikii tena, nitakuwa naandika kwa mkono, napiga picha karatasi na kumtumia dada Mwajabu kwenye simu yake. Mwambie asiucheke mwandiko wangu.

Nilifika salama. Shule ni ya binafsi, iko juu kidogo ya mji, na kutoka dirisha la ofisi naona malori yakisubiri kuvuka kwenda Kongo. Asubuhi nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili. Mchana natunza rejista, maana mkuu wa shule, Bwana Kataliko, ambaye huku wanamwita hedimasta, alipoona nilikuwa karani wa masjala Kondoa alisema Mungu amemletea watu wawili katika gauni moja.

Wanafunzi wanasema, "Madam anaongea kama redio." Siku ya pili nilibisha kwa mzee jirani kuomba maji, nikasema, "Hodi, mzee, fungua tafadhali." Akatoka mikono juu. Mwenye nyumba wangu, Mama Kulusum, alicheka hadi akakaa chini, kisha akanieleza kwamba zamani waliobisha kwa Kiswahili walikuwa na bunduki. Sasa kwa kila mlango naanza na salamu ya Kikonzo, lugha ya watu wa hapa, halafu ndiyo hodi.

Naogopa kukosea, Baba. Kibali changu cha kazi ni cha mwaka mmoja tu. Kila kitu nakihakiki mara mbili.

Mwanao,
Swaumu


Kondoa, 20 Februari 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia jogoo tu. Mama yako mdogo anasema ni faida, maana sasa ananisengenya nikiwa nimekaa papo hapo.

Uoga si ugonjwa. Nilikaa masjala miaka thelathini na moja nikiwa mwoga, na nilistaafu kwa heshima. Sikiliza neno moja: rejista uliyoachiwa na mtu mwingine usiiamini. Ipitie mstari kwa mstari. Jina likijirudia, futa moja, maana orodha yenye jina mara mbili huzaa maswali.

Na ule. Mwajabu anasema kwenye picha uliyomtumia shingo yako imekuwa ndefu.

Baba yako


Bwera, 6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua zinakwenda vizuri huko na mgongo haukusumbui. Mimi mafua yameisha na ninakula. Chakula chao ni bundu, ugali wa muhogo unaovutika kama mpira, pamoja na samaki wa chumvi. Mwanzoni niliumeza kwa machozi. Sasa Mama Kulusum akichelewa kuusonga namuuliza kulikoni.

Darasani nasahihisha mchana kutwa. Wanasema "kitabu yangu iko nyumbani." Jana mvulana mmoja, Bwambale Bright, alinyoosha mkono: "Madam, kama mama yangu anauza sokoni na hiyo Kiswahili, na watu wananunua, kosa iko wapi?" Darasa zima likapiga meza. Nilimwambia akae chini.

Akina Bwambale ni wengi mno, nadhani ni ukoo mkubwa. Na wasichana wengi wanaitwa Masika. Bila shaka walizaliwa wakati wa mvua, kama mimi nilivyozaliwa mwezi wa mfungo. Niliwaeleza maana ya jina lao, wakanitazama tu.

Neno lako nimelifuata. Katika orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne nilikuta Masika Docus mara mbili, mstari wa 17 na wa 42. Huo wa 42 haukuwa na tarehe ya kuzaliwa. Sikufuta kwa pupa. Nilikwenda darasani kwao, ambako sifundishi, nikauliza, "Masika Docus ni nani?" Akasimama mmoja. Nikarudi nikafuta wa 42. Baker, kijana wa kompyuta, ameichapa orodha na imekwenda Baraza la Mitihani, Kampala. Hedimasta alinipa mkono mbele ya walimu wote kwa kuwa orodha imewahi; habari ya mstari niliofuta sikumwambia.

Mwanao,
Swaumu


Kondoa, 15 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Afya zetu nzuri. Barua yako nimemwonyesha kila aliyepita barazani, hata muuza mkaa. Hivyo ndivyo karani anavyofanya kazi.

Baba yako


Bwera, 1 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui mko salama kiasi gani, nisamehe kwa kimya. Mwili wangu mzima. Barua hii nimeiandika mara nne.

Masika Docus wako wawili.

Ijumaa namba za mtihani zilibandikwa ubaoni. Msichana mmoja alisimama pale hadi wenzake wote wakaondoka, kisha akaja ofisini. "Madam, namba yangu haiko." Nikamwonyesha. Akasema, "Hiyo ni ya Docus wa hapa Bwera. Mimi ni Docus wa Munkunyu." Wiki ile nilipokwenda kuuliza darasani, alikuwa kwao anaumwa malaria.

Nilimwuliza mwalimu wa Hisabati, Nobert, kana kwamba ni mazungumzo tu, Masika maana yake nini. Alicheka. "Wewe ulidhani ni mvua? Madam, hapa mtoto anazaliwa akikuta jina linamngoja. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale. Kila nyumba ina Masika wake. Na Docus ni jina la ubatizo, kila mchungaji analo mfukoni."

Nilicheka naye. Sijui nilichekaje.

Hedimasta anaamini Baker aliruka mstari alipokuwa anachapa. Tangu jana hapewi kazi, anakaa kwenye benchi la nje akiapa kwa kila anayepita. Marekebisho yanapokelewa Kampala hadi tarehe 20 Juni, lakini wanataka maelezo ya maandishi ya mtu aliyekosea, yenye saini yake. Baker hawezi kusaini kosa asilolijua. Bila hayo Docus hafanyi mtihani mwaka huu. Mama yake, Edisa, analima pamba peke yake ili mtoto huyu asome.

Nikisema ni mimi, naogopa kufukuzwa na kibali kufutwa. Nifanye nini? Nijibu upesi.

Mwanao,
Swaumu


Kondoa, 3 Juni 2025

Swaumu,

Marahaba. Salamu nyingine baadaye.

Nyamaza. Wewe ni mgeni, na kosa la mgeni halisahauliki. Huyo Baker yuko kwao, ana ndugu na shamba. Msichana ana mwakani. Kama kuna karatasi yenye mstari ulioufuta, ichane. Usimwambie hata huyo mama mwenye nyumba. Nasema kama baba yako na kama karani.

Baba yako


Bwera, 22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, na umekaa.

Barua yako niliipata siku ile ile. Niliitii siku sita.

Siku ya saba mama yake Docus alikuja kwa bodaboda kutoka Munkunyu, magoti yote vumbi. Hakuja ofisini. Alimwendea Baker pale benchini.

"Wewe ndiye ulipoteza mutoto yangu?"

"Mama, mimi nilichapa kile nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Kalamu ndiyo inajua? Mutoto yangu haiko makosa ya kalamu!"

Nilikuwa dirishani. Baker alikuwa ameinamisha kichwa. Nikatoka. Nikasema ni mimi niliyefuta. Hedimasta naye alikuwa amefika mlangoni, kwa hiyo walisikia wote watatu.

Mama Edisa alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Huyu? Huyu mudogo hivi? Kumbe ni mutoto ndiye alifuta mutoto." Hakuna aliyecheka. Hedimasta akasema, "Andika hayo hayo uliyosema. Usiongeze neno."

Siku mbili baadaye tulipanda basi la Kampala, mimi na Mama Edisa, na bahasha ya maelezo yangu. Hakunisemesha kutoka Bwera hadi Mubende. Basi liliposimama pale alinunua gonja, ndizi za kuchoma, akashika moja bila kula.

"Kwenu mutoto ya kwanza anaitwa nani?"

"Jina lolote, mama. Wazazi wanavyopenda."

"Lolote?" Akageuka kunitazama vizuri. "Sasa nani atajua kama alikuwa wa kwanza?"

Akanikatia nusu ya ndizi.

Docus alipata namba tarehe 13. Atafanya mtihani. Mimi nimeondolewa ofisini. Funguo anazo Baker, na ananisalimia kwa Kiingereza tu. Nafundisha hadi mwisho wa mwaka, baada ya hapo hedimasta anasema ataona. Sijui ataona nini.

Sikukutii, Baba. Ni mara ya kwanza. Nisamehe.

Mwanao,
Swaumu


Kondoa, 6 Julai 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba, na marahaba tena. Nimechelewa kujibu, lakini si kwa ugonjwa. Mwajabu alinikuta nimeshika simu yake, akadhani nimeletewa msiba.

Huna la kusamehewa. Nilikuambia unyamaze kwa sababu mimi nilinyamaza.

Mwaka 1996 halmashauri iligawa viwanja. Kwenye orodha kulikuwa na Salimu Ijengo wawili, mmoja wa Kolo, mwingine wa Bereko. Nilifuta mmoja nikidhani ni jina lililojirudia. Yule wa Kolo alikuja masjala mara tatu, kofia mkononi. Mara mbili za kwanza nilimpekulia faili nikiwa sijui kweli; mara ya tatu nilikwisha kujua kwamba ni mimi niliyemfuta, nikapekua vilevile kama mtu asiyejua. Alinishukuru kwa kumtafutia. Watoto wake wamekulia nyumba ya kupanga.

Yu hai. Siku za gulio huuza kamba za katani karibu na mashine ya kusaga, na nikipita huniita "karani wetu." Kwa masikio haya hata akinijibu sitasikia, itabidi nimtazame usoni.

Gulio ni Alhamisi. Nimejaribu kuandika maneno ya kumwambia, nimeshachana karatasi tatu. Wewe ndiye mwalimu. Niandikie kabla ya Alhamisi: ulipotoka pale mlangoni, ulianza na neno gani?

Baba yako