Amri ya Sita

Jumatatu, 3 Machi
Kipindi cha dini, kidato cha tatu, baada ya chakula. Nusu wamelala macho wazi. Miaka kumi na tisa nawafundisha watoto wa Kilutheri Katekisimo. Nauliza, "Maana yake nini?" Wananijibu kama kasuku. Nimechoka mimi! Leo nimetoboa boksi la chaki, likawa sanduku la maswali. Waulize bila jina. Labda mmoja atauliza kitu cha kweli.

Jumanne, 4 Machi
Vikaratasi vitano. Vinne upuuzi mtupu – eti Nuhu alipakia na kunguni? Cha tano: "Mtu akivunja amri ya sita, halafu asipate nafasi ya kutubu, atasamehewa?"

Haya! Amri ya sita, Usizini. Nikajua hapo kuna mvulana. Nikakisoma kwa sauti, nikamwambia binti aliyeandika amwache huyo kijana, ashike kitabu, nafasi ya kutubu ipo tele. Darasa likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Mgeni tu ndiye aliyeinamia dawati. Wanamwita hivyo kwa kuwa amehamia muhula huu. Matroni anasema hapati usingizi tangu mama yake azikwe. Maskini. Atazoea.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la amri kumi. Mgeni kaandika: "Ya sita, Usiue. Ya saba, Usizini." Kasogeza namba karibu zote! Nikamwekea alama ya kosa, kubwa, nyekundu. Chini yake: "Acha uvivu. Soma Katekisimo!"

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimerudisha karatasi. Mgeni hayupo. Jirani yake wa dawati akamtetea: Mwalimu, yule si Mlutheri, kanisani kwao amri wanazihesabu vingine. Kwao ya sita ni Usiue.

Chaki ikanidondoka.

Kile kikaratasi! Hakukuwa na mvulana yeyote. Usiue – na asipate nafasi ya kutubu, kwa sababu atakayekufa ni yeye mwenyewe. Aliniuliza mimi. Nami nikamfanya kichekesho mbele ya darasa zima. Mjinga mkubwa mimi!

Nimekimbia bwenini. Kitanda kimetandikwa vizuri mno. Wenzake hawajamwona tangu ibada. Mkuu wa shule na walimu wametawanyika kumtafuta, matroni kaenda upande wa kanisa. Mimi nimeambiwa nikae hapa kitandani kwake, pengine atarudi. Naandika maana mikono haitulii. Nimejaribu kuomba. Miaka kumi na tisa, na hata Baba Yetu imenipotea katikati! Karatasi yake ninayo. Nasugua wino mwekundu kwa kidole chenye mate. Karatasi imetoboka, alama ipo palepale.

Viatu ngazini. Sauti ya matroni – anasema polepole, kama anambembeleza mtu. Au analia peke yake? Sisikii anayemjibu. Ee Mungu, wawe wawili. Wawe wa