Kahawa Mbichi ya Mama Yako

Mjukuu wangu Nyambura,

Huku Gakindu hatujambo. Mvua imeshika, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza ufanye nini ili binti yako Wangari, aliyebeba jina la mama yako, asikufiche makosa yake.

Uhuru ulipokuwa bado mpya, mama yako, akiwa mdogo kama Wangari, alinijazia mkebe wa kahawa aliyochuma mwenyewe, yote mbichi. Kiwandani hawapokei mbichi. Niliimwaga chini mbele ya watu, nikamgombeza. Hakulia. Aliinama kuokota.

Tangu siku hiyo aliniletea iliyoiva tu, na habari njema tu. Hata ugonjwa uliomuua, niliambiwa na jirani.

Wangari akikuletea mbichi, mjukuu wangu, ipokee kwa mikono miwili.

Ni mimi nyanya yako, cucu.