Kinyonga wa Njeri

Wairimu, rafiki yangu,

Binti yako Njeri sasa ana kinyonga wake. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Kiuu hakuna mwingine ambaye angefurahi kusikia.

Nilihama Thika baada ya mvua, nikaja hapa Kiuu. Kile chumba tulichokuwa tukishonea sare za shule sasa ni cha kinyozi. Njeri anakaa na mama yako kule Thika, mtaa wa Landless. Anakula vizuri, amerefuka. Lakini siku ya mazishi yako hakulia, na hata baadaye hakulia. Yule kinyonga wako wa pembe tatu, uliyemweka kwenye mti wa kahawa nje ya mlango, mama yako alimtupa kabla matanga hayajaisha. Akamwambia mtoto, "Hiyo kinyonga, hiyo kimbu, ndiyo ilileta kifo hapa." Watu wazima wakaitikia. Ilikuwa rahisi kuliko kutaja ugonjwa.

Shule zilipofungwa, Njeri alikuja kwangu. Asubuhi moja akasema, "Anti, nataka kinyonga kama ya mama." Unajua ninavyowaogopa vinyonga. Ulipokuwa ukimtembeza wako juu ya cherehani, mimi nilisimama mlangoni. Hata hivyo nilimpeleka kwa Mzee Gitau, anayepogoa kahawa shambani nje ya Ruiru. Yeye hukutana nao matawini kila siku.

Alituletea watatu, kila mmoja na kitawi chake. Dume kubwa lenye pembe, ambalo Mzee alilisifu sana. Mdogo wa kijani, aliyetufungulia mdomo na kutoa sauti kama ya nyoka. Na wa tatu, ametulia, macho amefumba. Njeri alimgusa, hakusogea.

"Hii ni pole. Nataka hii."

Nilikumbuka ulivyoniambia, pini zikiwa mdomoni: kinyonga anayefumba macho mchana si mpole, ni mgonjwa. Macho yatokeze na yazunguke. Miguu ishike tawi kwa nguvu. Na wa kwanza awe mchanga, maana mkubwa amezoea kichaka chake, ukimhamisha anakataa kula.

"Huyo anaumwa, Njeri."

"Najua. Nitamchunga apone."

"Hatapona."

"Unajuaje?"

Nilimwonyesha macho yalivyodidimia na miguu ilivyolegea. Aliangalia kwa muda. Kisha akauliza kama na wewe, zile wiki za mwisho ulipokuwa unalala mchana, nilijua kuwa hutapona. Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo alipolia, Wairimu. Alikaa chini kati ya mistari ya kahawa akalia, na Mzee Gitau akaenda kupogoa mbali kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika vitawi vyote vitatu. Sikuwa na mahali pa kuviweka.

Tulichukua yule mdogo mkali wa kijani. Njeri alimpa kidole, akakikamata, akapanda polepole mpaka begani. Likizo ilipoisha mtoto alirudi Landless, na kinyonga akabaki kwangu, kwenye mpera nyuma ya nyumba. Asubuhi nanyunyizia majani maji, kwa kuwa hanywi kwenye bakuli, analamba matone. Nzi hawakosekani Kiuu. Simgusi, naye hanigusi.

Jumamosi iliyopita mama yako alimleta Njeri mwenyewe. Alisimama mbali na mpera, leso mdomoni, akatazama ulimi ukitoka na nzi akipotea.

"Kumbe ni hivyo," akasema. Kisha akaomba chai.

Walipokuwa wakiondoka, Njeri alinivuta kando akaniuliza ugonjwa wako unaitwaje. Nikamwambia nitamjibu akija tena. Anakuja kesho. Pumzika, Wairimu. Nitamketisha karibu nami na nitalitaja hilo jina, bila kunong'ona, hata kama mama yako yupo.

Mwenzako wa cherehani,
Halima