Funguo za Akiba

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, na za Mama pia, ambazo amezirudia mara mbili ili nisizisahau. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na yule mpwa wangu ambaye nasikia ana kichwa kikubwa kama changu. Mpe pole, atakizoea. Sisi huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini akishakaa kwenye cherehani huusahau, akaanza kuwasumbua wateja.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu zipo. Kwa simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa ndiyo basi tena. Baba hakuniita Kufuli bure. Isitoshe, niliyo nayo leo si ya kusikilizwa huku umeinjika sufuria. Basi keti kwanza.

Kibanda cha funguo kinaendelea. Bango la Baba sijalibadilisha ingawa herufi zimepauka na wageni hudhani tunatengeneza viatu. Vitasa siku hizi watu hununua vipya, hivyo riziki yangu inatoka kwenye funguo za magari, zile ambazo lazima kompyuta iongee na gari ndipo likubali kuwaka. Kompyuta ni ile ile ya Baba, aliyokuwa akiifunika kwa kitambaa alichoomba kwa Mama. Nadhani unakumbuka kwamba kila mwisho wa mwezi alichomeka simu ya Mama, akatoa nakala ya kila kilichomo, picha, ujumbe na sauti, akaihifadhi humo. Nakala za zamani hakuzifuta hata moja. Aliziita funguo za akiba, na nikimwambia zinajaza mashine alinijibu kwamba hajaona mtu aliyelala nje kwa sababu ya kuwa na funguo nyingi.

Wiki iliyopita alinijia mkunga mmoja. Ufunguo wake ulikuwa umepotea aliposhuka dukani, gari limekufa mbele ya kibanda, na huko aendako kuna mama ameshashikwa na uchungu. Nikafungua programu ya magari, ikagoma. Ilitaka kwanza ijiongezee mambo mapya, na kompyuta ikasema haina nafasi. Mkunga alikuwa amesimama nyuma yangu akinieleza kwamba watoto hawajui kungoja mafundi. Nikaingia kwenye nakala za Baba. Nikazikuta zimepangana, mwezi baada ya mwezi, nzito kweli kweli.

Hapo nilifikiri kama fundi wa funguo, dada, na hapo ndipo nilipoteleza. Ufunguo uliochongwa kwa kuigiza mwenzake unafungua mlango ule ule. Ukiwa nao mmoja unaofanya kazi, nyingine ni chuma cha kujaza droo. Nikabakiza nakala ya mwisho, niliyoitoa mwenyewe kwenye simu ya Mama hivi karibuni, nikafuta zote zilizotangulia. Programu ikaingia, gari likawaka, mkunga akaniombea heri. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Juzi mvua ikaja bila hodi, nguo za Mama zikalowa zote kwenye kamba. Enzi za Baba hilo halikutokea. Kibanda kiko juu mlimani, wingu alikuwa akiliona kabla halijafika nyumbani, akamtumia Mama sauti kwa sababu mikono ya Mama iko kwenye kitambaa na kusoma hawezi kwa wakati huo. Kwanza kile kikohozi chake kidogo, kisha "Haya, sikiliza," kisha mawingu hayo, anua nguo. Kila siku ya mvua, miaka yote ile. Mama alisimama mlangoni akikamua shuka, akacheka kidogo, akaniambia nikirudi kazini nimletee moja ya zile sauti za kuanua nguo. Alisema tangu Baba afariki hakuniomba kwa sababu alijua hataweza kuvumilia. Sasa anaona anaweza.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Kesho yake nikafungua ile nakala niliyoibakiza. Nilikuta picha za mwanao, nikakuta rambirambi, vipimo vya wateja na ujumbe wangu wa kuuliza kama kuna chakula. Baba hayumo. Nilitafuta mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilipomuuliza Mama, alinijibu bila wasiwasi wowote kwamba zile sauti aliziondoa kwenye simu siku nyingi. Baada ya msiba simu ilijaa, ikawa haipokei tena picha za mjukuu, naye akafanya kama Baba alivyomfundisha: bonyeza, shikilia, futa, usiogope, ufunguo wa akiba uko kwenye kompyuta. Mimi nakala yangu niliitoa kwenye simu ambayo tayari ilikuwa tupu. Yeye alifuta akitegemea kompyuta, mimi nikafuta nikitegemea simu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi tumefilisika wote wawili kwa pamoja.

Nilimpelekea fundi wa kompyuta mashine ile. Alikaa nayo kutwa, akaniambia programu ya magari imeandikwa juu ya zile sauti, hakuna cha kufukua. Simu ya Baba mwenyewe unajua ilipotea hospitalini katika pilikapilika zile. Na mimi hakupata kunitumia sauti hata siku moja. Tulikaa benchi moja, angenitumia ya nini?

Ilibidi nimwambie Mama. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema sisi ni kama watu waliotoka sokoni, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye amembeba mtoto. Kisha akarudi kwenye cherehani, akakanyaga, lakini nilipotazama, uzi haukuwa umetungwa. Nililia dada, mtu mzima mimi, nikiwa nimeshika bisibisi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikuandikie. Siku ya mazishi ulinionyesha kwenye simu yako sauti aliyokutumia Baba kabla hajalazwa. Mlikuwa hamsemeshani tangu alipokataa kuja kwenye harusi yako. Ulisema hukuifungua na hutaifungua, kwa sababu kama amekutukana utakuwa umetukanwa na maiti, na kama amekuomba radhi huna wa kumjibu. Ukaniapisha nisimwambie mtu. Na majuzi umetuambia shemeji amekununulia simu mpya, hiyo ya zamani utaifuta umpe jirani. Dada, nakuomba, usiifute. Ndiyo iliyobaki. Baba hayupo mahali pengine popote.

Nisamehe, kiapo nimekivunja, nimemwambia Mama. Nilidhani nampa habari. Akaniambia alikuwepo. Siku hiyo Baba alikaa pembeni yake na simu, akaanza kusema, akaacha, akaanza tena, akaacha. Mwishowe akamwomba asimamishe cherehani. Wewe umekulia chini ya meza ile, unajua katika maisha yao yote hakuwahi kumwomba hivyo. Alizoea kupaza sauti kuishinda cherehani kama sisi sote. Mama aliisimamisha, akatoka nje akamwacha peke yake. Alichosema hakijui, na mpaka leo hakumuuliza.

Sikushawishi uisikilize. Mama amenikataza kabisa nisikushurutishe, anasema maneno yale ni yako, hata kama utakaa nayo bila kuyafungua mpaka uzeeke. Ameniagiza jambo moja tu. Siku utakayoweza, ukate pale mwanzoni, kabla hajasema lolote, umtumie hicho kikohozi. Anasema kinamtosha.

Simu yake nimeshaitengea nafasi, na safari hii sikugusa chochote mpaka yeye mwenyewe alipotazama. Msalimie sana shemeji, na mwanao mshike hicho kichwa kwa niaba yangu. Mama anakusalimu tena, hii sasa ni mara ya tatu. Amesimamisha cherehani ili nimalizie barua kwa utulivu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kufuli