Faru Niliyemficha

Jumatatu, 9 Juni

Gari limeoshwa. Tairi la akiba lina upepo. Maji ya kunywa katoni mbili, redio inashika vizuri. Paa limekwama upande wa kushoto kama kawaida yake, nimelipiga ngumi likapanda.

Wageni wamefika Karatu saa nane, mtu na mkewe. Anton na Greta. Siku nne za kushuka kreta, kwenye bonde la wanyama. Siku nne! Wengine hushuka mara moja, wakapiga picha, wakaondoka. Anton ni mpiga picha, ana lenzi ndefu kama mchi. Anamtaka faru. Amenitajia faru mara tano kabla hatujateremsha mabegi. Greta ameomba chai tu.

Bosi aliniita pembeni. Safari hii ikienda vizuri, nitaajiriwa na gari hili litakuwa langu. Miaka minne nimekuwa deiwaka, naitwa dereva mwingine akiugua au akifiwa. Miaka minne naombea watu homa. Nimechoka. Hili gari nalitaka, sina haja ya kujifanya.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu mpaka saa tatu. Baridi ya kukata masikio. Tumeshuka, tumezunguka, faru hakuna.

Saa nne Kaka Bura, dereva mwenzangu, akaita kwenye redio: simba wanne, barabara ya Ngoitokitok. Nikaenda. Tukakuta magari kumi na saba. Anton akaweka kamera chini, akasema hakutoka kwao kuja kupiga picha za matako ya magari. Nikamweleza ndivyo tunavyofanya sisi madereva: ukiona mnyama, unaita wenzako. Kesho wao watakuita wewe. Kreta ni pana, hakuna mwenye macho ya kuimaliza peke yake. Akasema hiyo ni shida yenu, si yangu.

Nimemeza. Nimetabasamu. Mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Bura ndiye aliyenifundisha hayo. Mwaka wangu wa kwanza wengine walikuwa wananicheka, mwanamke na usukani. Yeye aliniitia duma, akanisubiri mpaka nilipoipata njia.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya upumbavu.

Saa moja na nusu asubuhi, pembeni mwa msitu wa Lerai, sisi peke yetu. Faru jike na ndama wake, hatua hamsini kutoka barabarani. Kwa kawaida faru ni kidoa cheusi kwenye darubini, unamwapia mgeni kuwa ndiye. Huyu hata kope zake niliziona. Mkono wangu ukaenda kwenye redio. Anton akaushika. Akaushika kweli, kwa vidole vyake. "Tafadhali. Leo awe wetu."

Nikafikiria gari. Sikufikiria kingine, niseme ukweli. Nikarudisha kipaza sauti mahali pake.

Kunyamaza tu kungesameheka. Wapo wanaochelewa kuita, tunawasema siku mbili yanaisha. Lakini baada ya dakika ishirini nikamsikia Bura: "Lizi, si uko Lerai wewe? Kuna chochote huko? Mgeni wangu anaondoka leo, amebakiza faru tu."

Nikabonyeza. Nikasema, "Hakuna kitu, kaka."

Ndama alikuwa ananyonya wakati nasema hivyo. Bura akaelekea upande wa ziwani, akaukosa msitu wote.

Saa saba tukakutana wote pale pa kulia chakula. Askari wa wanyamapori akaja anacheka, mbele ya madereva: "Dada Lizi, leo umebahatika! Nimekuona kwa darubini toka kule juu, wewe na faru wako, karibu saa nzima." Hakujua. Alidhani ananisifia.

Watu wakaacha kutafuna. Mgeni wa Bura, mama mtu mzima anayetembelea fimbo, alimuuliza Bura askari amesema nini. Bura akamwambia ametusalimia tu. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa na faru, Lizi?"

"Ndiyo, kaka."

Akaendelea kummenyea yule mama chungwa.

Bora angenitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi getini Bura alinisalimia kwa Kiswahili. Siku zote hunisalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, ananiulizia mama, ananiulizia ng'ombe wa mama, mpaka ananichosha. Leo Kiswahili cha ofisini. "Habari ya asubuhi, dada." Imeniuma mpaka sasa.

Redio ni nzima, wala haina tatizo. Nawasikia wanaitana. Nikiuliza wapi hapo, kimya. Wanamalizia kwa simu. Nimezunguka kama kipofu tangu saa moja mpaka saa kumi. Pundamilia. Nyumbu. Pundamilia tena. Fisi mmoja amelala.

Pancha saa tisa. Magari mawili yamepunguza mwendo, yakapita. Nimebadilisha tairi mwenyewe, Greta akinishikia spana. Anton alibaki ndani anafuta lenzi.

Jioni hotelini Anton amekutana na wageni wengine. Wameona simba wakimwangusha nyati, wamemwonyesha picha. Amenijia: kwa nini madereva wao wanajua na wewe hujui?

Kwa nini. Ananiuliza mimi kwa nini! Nilimwambia wanyama hawana ratiba. Nikaingia kwenye gari nikafunga vioo nikapiga kelele moja. Nikatoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemfuata Bura getini, wenzake wakiwa hapo wanakunywa chai. Nikasema mbele yao nimekosa. Nilimwona faru, nikadanganya, na mgeni wako ameondoka bila kumwona kwa sababu yangu. Nilikuwa nimejipanga usiku mzima, maneno yakaisha kwa dakika moja.

Akasema, "Sawa, dada." Akamalizia chai yake.

Sawa gani hiyo?

Saa tano, yule yule faru na ndama wake. Safari hii wazi kabisa, kwenye majani mafupi kati ya msitu na ziwa. Hata sikumtazama Anton. Nikashika redio. Faru na ndama, kati ya Lerai na ziwa, wako wazi, karibu na barabara, njooni. Nikarudia. Nikarudia tena, nikaapa kwa Mungu. Mama angesikia angenichapa.

Mtu mmoja akacheka kwenye redio. "Leo umemwona?" Basi.

Nikaliona vumbi la magari kwa mbali. Matano, sita. Yalikuwa yanakuja upande wetu kabla sijaita. Yakakata kona yakaenda zake Ngoitokitok. Walidhani nawapoteza ili nibaki na kitu kizuri mahali pengine. Ningekuwa wao ningefikiri hivyo hivyo.

Faru alikaa saa moja na dakika kumi. Ndama alikimbia akizunguka, akaanguka, akasimama. Hakuja mtu. Nilikuwa nalia, nikavaa miwani ya jua.

Anton akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Alidhani nilikuwa nawafukuza wenzangu kwenye redio. Nikamwambia hapana, nilikuwa nawaita. Akanikonyeza. Nikamwambia tena, kwa Kiingereza cha taratibu, nilikuwa nawaita. Akaniambia siri yangu iko salama kwake.

Ninamchukia huyu mtu. Naandika ili nisije kesho nikasema sikumchukia.

Jumamosi, 14 Juni

Wageni wamepelekwa uwanja wa ndege. Greta amenikumbatia, akaniangalia kidogo. Nadhani yeye alielewa.

Bosi amesoma fomu ya maoni kwa sauti, ofisi nzima ikisikiliza. Mwongozaji bora kuliko wote. Ametutafutia faru mara mbili, na mara zote mbili akahakikisha tuko peke yetu. Watu wa ofisini wakapiga makofi. Bosi akanipa ufunguo wa gari.

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikasema, "Asante sana, bosi."

Nyumbani mama amechinja kuku. Amewaambia majirani wawili, majirani wamewaambia wengine. Wamekuja kuliona gari. Mmoja amekalia kiti changu ajaribu. Nimekula, nimecheka nao, nimesema Mungu ni mwema.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Bura na mkewe benchi la tatu. Niliwahi kutoka.

Jumanne, 17 Juni

Safari ya kwanza na gari langu. Familia ya watu wanne, wapole, hata nguruwe pori wanampigia makofi.

Nimeita kila kitu. Simba wawili chini ya ukingo wa mto. Tembo dume. Korongo wengi ziwani. Mahali, umbali, upande wa barabara, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyejibu, nikaendelea kuita.

Saa sita nikamwona duma na watoto watatu, juu ya kichuguu. Nikaita. Sauti ngeni ikajibu, dereva mpya, hata lafudhi yake sijawahi kuisikia. "Asante sana, dada! Nipo karibu, nakuja. Nani mwenzangu?"

Nikamtajia jina langu.

Akasema amenipata. Nikazima injini. Nikawaambia wageni kuna gari linakuja, tulipishe kidogo, nikasogea pembeni kulia ili apate nafasi ya kuona.

Tulikaa nusu saa. Hakuja.