Wifi Ananifukuza Dirishani kwa Vifungo

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi nirudishie, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana hili jambo nimeshamwambia jirani, muuza mkaa na mama mwenye nyumba na wote wamecheka tu.

Mimi ni fundi cherehani, tuko mafundi wanne chumba kimoja na dirisha ni moja, sasa cherehani ya dirishani kila mtu anaitaka kwa ajili ya mwanga, zamani tuligombana mpaka bosi akachoka, akasema chezeni karata, atakayeshinda Ijumaa akae hapo wiki nzima, ndipo yule bwana anayetutengenezea cherehani akatufundisha poka. Kila mtu anapewa karata tano na kopo la vifungo, ukiziamini karata zako unasukuma vifungo katikati, mwenzako aweke sawasawa na vyako au atupe karata zake, wakitupa wote unazoa bila kuonyesha ulichokuwa nacho, wakiweka mnafunua na mwenye karata kali anazoa, mwisho mwenye vifungo vingi ndiye mshindi. Tulikuwa tunacheza kwa heshima, kifungo kimoja kimoja, mpaka alipokuja wifi yangu, mdogo wake mume wangu, na aliyemtafutia kazi pale ni mimi mwenyewe, mshauri, nyoka nimemfungulia mlango na kiti nikampa.

Wifi hachezi, wifi anavamia. Hajaziangalia karata vizuri keshasukuma nusu kopo, "Weka au tupa, wifi, cherehani inanisubiri," na sisi tunatupa kama kuku waliomwagiwa maji. Siku moja karata zake zikamponyoka tukaziona, hana kitu, hata jozi moja, karata mbili za kufanana, hana. Nikasema kumbe, basi na mimi nitavamia, Ijumaa iliyofuata nikasukuma kopo zima sina mbele wala nyuma, wifi akaniangalia huku namsimulia habari za jirani aliyerudiana na mumewe, akaweka sawasawa, akanizoa. Halafu kuna siku nilipata wafalme watatu, mshauri, wafalme watatu wamekaa pamoja kama wakwe, nikatulia tuli, hata mate nikaogopa kumeza, nikasukuma vifungo, yeye akatabasamu akatupa zake. Nikajua basi anaziona kwenye kile kioo kirefu cha wateja nyuma yangu, nikakifunika shuka, wateja wakawa wanajipimia nguo mbele ya shuka, na wifi bado akanishinda.

Nisingejali, mchezo ni mchezo, lakini usimwambie mtu, siku hizi tundu la sindano silioni, kule ukutani chini ya balbu nashona kwa kupapasa, juzi nimemshonea mzee wa watu suruali, mfuko mmoja unaangalia ndani na mwingine nje, bosi hakufoka, alinitazama tu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoninyima usingizi, kwa sababu shule niliishia njiani na kushona ndiyo kazi ninayoijua. Bosi akijua sioni atanitoa, wifi akijua habari itafika ukweni kabla yangu. Nifanyeje nimshinde nikae kwenye mwanga? Andika tu usiogope, kwetu gazeti hatusomi, tunakatia paterni za nguo.

Ni mimi, Fundi wa Ukutani


Fundi wa Ukutani, nimeipokea shikamoo yako, ya umri tutaulizana tukikutana. Nimecheka peke yangu mpaka nilipofika kwenye ile suruali, hapo kicheko kikaisha. Pole, mwenzangu.

Kioo kivue shuka, wateja wanateseka bure. Kioo anachokiangalia wifi yako ni mdomo wako. Wewe kwa barua hii hujanyamaza tangu uzaliwe, sasa ukinyamaza hata paka wa pale anajua umeshika kitu. Ukiwa huna kitu unasimulia ya jirani, ukipata wafalme unakuwa bubu. Ijumaa chagua umbea mmoja mrefu, uanze nao karata za kwanza umalize nao za mwisho, ziwe nzuri ziwe mbovu mdomo usibadili mwendo.

Na acha kumvamia mvamizi. Mtu aliyezoea kutisha hatishiki, utamwaga vifungo vyako bure. Karata mbovu tupa mapema, wala usione aibu. Zikija nzuri, usisukume wewe, si yeye anapenda kusukuma? Mwache. Akisukuma, weka sawasawa na vyake, guna kidogo, endelea na ya jirani. Atasukuma tena maana hajui kuacha, weka tena. Kopo lake likikauka ndipo ufunue. Lakini usikae kusubiri wafalme watatu, utazeekea ukutani: mtu anayesukuma kila karata zikigawiwa hawezi kuwa na nzuri kila mara, jozi ya kawaida mara nyingi inamtosha. Kuna siku atakuwa nazo kweli na atakuzoa. Meza, gawa upya.

Sasa nikugombeze. Dirisha halitibu macho, mama. Ukishinda Ijumaa, Jumatatu utatunga uzi vizuri, je, wingu likitanda utashona na nani? Nenda kapime macho wiki hii. Miwani si aibu kwa fundi, aibu ni mifuko ya yule mzee. Na kamwambie bosi kwa mdomo wako, mdomo unao, kabla suruali ya pili haijamwambia. Amekutazama akanyamaza, na wewe sasa umeshajua anayenyamaza ameshika nini mkononi. Anajua. Anakungoja useme.

Halafu eti kwenu gazeti halisomwi. Mwanamke anayeusoma uso wako vile, ashindwe na gazeti? Basi na wewe wifi, uliyeshika mkasi juu ya ukurasa huu, weka mkasi chini kidogo. Siri zake zote mbili unazo, ya macho na ya mdomo. Ya macho isifike ukweni, huyo ndiye aliyekutafutia kazi. Na Ijumaa hii sukuma vifungo vyako vyote kama ulivyozoea, ila usimwangalie usoni.